Kazi za kuondoa makorokoro kwa anayejitegemea: mtafute mwenye tarehe

Mleta mada

Wadau, salaam. Swali la wapi zinapatikana kazi za kuondoa makorokoro limeulizwa mara nyingi, na kwa makorokoro ninamaanisha fanicha zilizochoka, majokofu yaliyokufa, magodoro, mabaki ya ujenzi na vitu vya stoo ambavyo gari la taka la kawaida halivichukui. Majibu huwa ni yale yale: tafuta gari, chapisha kadi, weka tangazo, usubiri simu. Nilifuata ushauri huo kwa miezi kadhaa, na gari likawa linashinda limeegeshwa huku nikiendelea kulilipia bima. Kilichokuja kubadilisha mambo ni jambo moja ambalo ninaomba kulieleza kwa kirefu.

Karibu kila nyumba ina makorokoro, lakini kuwa nayo hakumfanyi mtu awe mteja. Kabati lililovunjika mguu linaweza kukaa kwenye veranda miaka kumi bila kumkera mwenyewe, na siku utakapomtajia bei ya kuliondoa atakumbuka ghafla kwamba alikuwa na mpango wa kulitengeneza. Mteja ni yule mwenye tarehe. Mpangaji anayetakiwa kurudisha funguo mwisho wa mwezi, mwenye nyumba ambaye mpangaji wake mpya anaingia Jumatatu, fundi ambaye hawezi kuanza sakafu kabla vigae vya zamani havijatoka, warithi waliokwisha kupatana na mnunuzi wa nyumba ya marehemu, duka linalohama: hawa wote wanapoteza fedha kila siku ambayo chumba hakijawa kitupu. Wanacholipia ni chumba kitupu kwa siku waliyoitaja, na ndiyo maana hubishana kidogo kuhusu bei na huuliza sana kuhusu saa utakayofika.

Nilipolielewa hilo niliacha kugonga mlango kwa mlango, nikaanza kuwatembelea watu ambao tarehe za namna hiyo hupita mikononi mwao kila wiki. Dalali wa nyumba ni mmoja wao. Wengine ni msimamizi wa majengo ya kupangisha, fundi wa kukarabati majiko na mabafu, wanaohamisha watu (wengi wao hukataa kubeba kile ambacho mteja anakiacha), muuza vitanda au majokofu mapya ambaye kila mara huulizwa la zamani litakwenda wapi, na wakili anayeshughulikia mirathi. Walinzi wa majengo wamesahaulika katika orodha nyingi, ilhali mlinzi ndiye wa kwanza kujua nani anafungasha mizigo na nani ametupa sofa nyuma ya ngazi. Msalimie kila unapopita, hata siku ambayo huna unachokitafuta kwake.

Kazi iliyonifungulia njia ilikuwa ndogo kupita kiasi. Dalali mmoja alikuwa na chumba kilichoachwa na kitanda, meza isiyo na droo na mifuko minane ya vitu mchanganyiko, na mwenye nyumba alikuwa amekataa kuja. Nilisimama mlangoni nikapiga picha, nikaondoa kila kitu, nikafagia, nikasimama tena kwenye kigae kile kile cha mlangoni na kupiga picha ya pili. Nilimtumia zote mbili pamoja na risiti ya dampo. Baadaye nilijua kwamba alizipeleka kwa mwenye nyumba jinsi zilivyo, na kwamba picha zile zilimwondolea kazi ya kueleza. Ndani ya wiki mbili alinipigia mara tatu, na mojawapo ya simu hizo ilikuwa ya nyumba nzima. Tangu hapo sijawahi kuacha kupiga picha kutoka sehemu ileile, kwa sababu picha mbili za pembe tofauti humfanya mtazamaji ajiulize kama ni chumba kimoja kweli.

Sasa nije kwenye simu, kwa sababu kazi nyingi hupotea hapo. Mteja mwenye tarehe huwapigia watu watatu au wanne mfululizo na kumchukua wa kwanza anayeonekana kujua anachokifanya. Mimi huuliza kwa utaratibu: ni vitu gani na vingapi, viko ghorofa ya ngapi, kuna lifti au ngazi, gari linaweza kusogea umbali gani kutoka mlangoni, chumba kinatakiwa kiwe kitupu lini, na je, anayepiga simu ndiye mwenye mali. Kisha huomba picha za kila rundo kutoka pembe mbili. Swali la mwisho huwashangaza baadhi yao, lakini kuna siku nilianza kupakia sofa za mtu aliyekuwa akigombana na mwenzake, na yule mwenzake akafika nikiwa nimeshafunga turubai. Nilishusha kila kitu bila malipo.

Kuhusu bei, wengi tunaanza kwa kutaja chochote kinachokuja mdomoni. Njia iliyonisaidia ni kuuza nafasi ya gari kwa robo, na kuweka kiwango cha chini kabisa ambacho sitoki nyumbani bila hicho. Gari lenye sanduku la mita 3 kwa mita 1.6, lililoinuliwa kingo hadi mita 1.2, lina mita za ujazo zisizofika 6. Sofa ya watu watatu huchukua takriban mita 2 kwa 0.9 kwa 0.8, yaani karibu mita moja na nusu ya ujazo, na hivyo sofa moja tu ni robo ya gari. Ukimweleza mteja kwamba atalipia robo, nusu au gari zima, anaona mwenyewe kinachopimwa, na ubishi unapungua. Ngazi, umbali wa kubeba na kazi ya kufumua fanicha huongezwa waziwazi, kabla ya kuanza.

Hata hivyo, kipimo cha robo kinafaa kwa vitu vyepesi peke yake, na mimi nililijua hilo kwa gharama. Fundi mmoja aliniita kuchukua kifusi cha ukuta, na kwa macho rundo lile halikufika hata nusu ya sanduku, kwa hiyo nilitaja bei ya nusu gari. Zege lililoganda lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, na hata likivunjwavunjwa na kuachiana nafasi hubaki na zaidi ya tani moja. Kwenye sanduku nililolitaja hapo juu, kifusi chenye kina cha sentimita 15 tu kinatosha kufikisha tani moja, na gari langu halikuruhusiwa kubeba zaidi ya hapo. Nilisimama nikiangalia springi zikilala, kingo zikiwa tupu juu, huku fundi akiniambia kwamba bado kuna nafasi kubwa. Nilikwenda safari nne kwa malipo ya moja. Siku hizi kifusi, udongo, vigae na karatasi za vitabu nahesabu kwa uzito, na chochote kilichonyeshewa mvua nakiongezea, kwa kuwa kila lita ya maji iliyonywewa na godoro ni kilo moja mgongoni mwako.

Gharama nyingine inayosahaulika ni muda. Saa za kazi zihesabiwe tangu unapowasha gari hadi unaporudi na sanduku tupu, pamoja na foleni ya mizani dampo. Wapo wanaojivunia kazi tatu kwa siku ambao, wakitoa mafuta, ada ya dampo, malipo ya msaidizi na matairi, wanabakiwa na kidogo kuliko yule msaidizi.

Naomba kuishia hapo kwa sasa, na ninakaribisha maswali na marekebisho.

Saidia_Fundi

Mkuu, nashukuru kwa mada iliyopangika. Mimi nina nguvu na muda, lakini sina gari. Je, inawezekana kuanza, au nisubiri hadi nipate mtaji wa kununua hata kuukuu?

Mleta mada

Ndugu yangu, usinunue gari kabla hujapata watu wa kukupigia simu. Tafuta mwenye pikapu anayekodisha pamoja na dereva kwa safari, mpatane bei mapema, kisha ujumlishe bei hiyo, ada ya dampo na jasho lako ndipo umtajie mteja. Faida itakuwa nyembamba, lakini hutalipia gari lililolala. Magari yanayopeleka bidhaa asubuhi na kurudi matupu mchana ni ya kutazamwa kwanza, kwa sababu dereva wake hufurahia safari ya kurudi yenye malipo. Vifaa vya kuanzia ni glovu ngumu, viatu vyenye ncha ya chuma, toroli la magurudumu mawili, kamba za kukaza, turubai, nyundo na bisibisi. Turubai usilipuuze, maana karatasi moja ikipeperuka na kumfunika kioo dereva aliye nyuma yako, wewe ndiye utakayeulizwa. Pia nenda kauliza mapema ofisi ya serikali ya eneo lako kama kubeba taka kwa malipo kunahitaji kibali, kwa sababu sehemu nyingi kinahitajika na adhabu huwa nzito.

Sumaku_Mfukoni

Naomba kutofautiana kidogo na mleta mada. Mimi huondoa bure, na ninaishi kwa skrepa, yaani vyuma chakavu ninavyouza. Tangazo la bure halina mshindani, simu haipumziki, na chuma kinajilipa. Kwa nini umsumbue mtu kwa bei wakati mali yenyewe ina thamani?

Mleta mada

Mkuu, sikatai kwamba skrepa ni fedha, na mimi pia ninatembea na sumaku: kinachonasa ni chuma cha bei ya chini, kisichonasa nakiangalia mara mbili, kwa kuwa kinaweza kuwa shaba au alumini. Lakini ukitangaza bure utaitwa na wenye magodoro. Mwenye mashine ya kufulia iliyojaa shaba ataiuza mwenyewe, na wewe utabaki na sofa, mazulia na mbao zenye misumari, ambavyo dampo watakutoza kuvipokea. Tena bei ya chuma hupanda na kushuka kwa sababu zisizokuhusu kabisa, na mwezi ikishuka wateja wako uliowazoesha bure hawatakubali kulipa. Mimi huitoza kazi kama kazi, kisha kilichopatikana kwenye skrepa nakihesabu kuwa mafuta ya gari. Kama kitu kina thamani ya wazi, humwambia mwenyewe na kumpunguzia. Uaminifu huo hurudi na simu nyingine.

Niongeze neno kuhusu nyaya, kwa sababu nimeona vijana wakizichoma ili wapate shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu kwa anayechoma na kwa majirani, na shaba iliyoungua hununuliwa kwa bei ya chini kuliko iliyomenywa kwa kisu.

Funguo_Kumi

Nami nichangie kutoka upande wa pili, kwani kazi yangu ni kusimamia majengo ya kupangisha, na kila mwezi kuna chumba kinachoachwa na vitu. Mleta mada amesema kweli kuhusu tarehe. Niongeze kwamba ninachokihitaji zaidi ni karatasi. Mtu akiniletea ankara yenye tarehe, namba ya chumba na orodha fupi ya vilivyoondolewa, ninaweza kukata gharama hiyo kwenye amana ya mpangaji bila ugomvi. Asiyeandika chochote ananiachia mzigo wa kujieleza, hata akiwa wa bei nafuu.

Jambo la pili ni risiti ya dampo. Tuliwahi kumtumia mtu aliyetoza nusu ya bei ya wenzake, na baada ya siku chache mizigo ilionekana imemwagwa kando ya mto, ikiwa na bahasha zenye anuani ya jengo letu. Aliyekuja kuulizwa si yeye, tukawa sisi. Tangu wakati huo simlipi mtu kipande cha mwisho kabla sijaona risiti.

Jambo la tatu ni kuta. Anayekuja na blanketi kuukuu la kufunika kona za ngazi nitamwita tena hata akichelewa robo saa.

Saidia_Fundi

Dada Funguo_Kumi, samahani kwa swali: mtu asiyejulikana akija ofisini kwako anaanzaje kuaminiwa? Nimepita kwenye ofisi mbili, wote wakachukua namba yangu na hakuna aliyepiga.

Funguo_Kumi

Kaka, namba tunazichukua nyingi na tunazipoteza nyingi. Usije kuomba kazi kwa jumla. Njoo tarehe za mwisho wa mwezi uulize kama kuna chumba kimoja kinachotakiwa kusafishwa wiki hiyo, na uwe tayari kukiangalia palepale na kutaja bei ya kuandikwa. Nikikupa stoo ndogo na ukaimaliza siku uliyoahidi, umeshawapita nusu ya walionitembelea.

Mtoto_wa_Mwisho

Nimesoma uzi huu nikiwa mteja. Mwaka jana tulifunga nyumba ya baba yetu baada ya kufariki. Tulimwita mtu wa kwanza, akaingia na mifuko akaanza kujaza bila kuuliza, na dada yangu alimkuta akiwa amekwisha kutupa boksi la picha. Tulimlipa aondoke. Wa pili alifika na kutuomba tukae naye nusu saa kabla hajagusa kitu. Alitenga sehemu tatu sakafuni kwa mkanda wa karatasi: vya kubaki, vya kwenda, na vya kuulizwa. Kila droo aliivuta yote nje na kuigeuza, na nyuma ya moja tulipata hati ya kiwanja tuliyoitafuta miezi minne. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya yule wa kwanza, na hakuna hata mmoja wetu aliyelalamika. Nimeshawapa namba yake watu watatu.

Mleta mada

Pole sana kwa msiba, na ahsante kwa kulieleza hilo, maana nilikuwa nimelipita harakaharaka. Kazi za mirathi ndizo zinazolipa vizuri zaidi na ndizo zinazoharibika upesi zaidi. Kwenye nyumba ya marehemu mimi hupekua mifuko ya makoti, kurasa za vitabu, chini ya karatasi ya droo na ndani ya vyungu, na chochote chenye maandishi, fedha au sura ya mtu hukabidhiwa mkononi mwa mmoja wa familia mbele ya mwingine. Kompyuta na simu za zamani nazo huwauliza kwanza, kwa kuwa zina kumbukumbu ndani.

Sumaku_Mfukoni

Hapo kwenye droo umenigusa, mkuu. Lakini hujataja vitu vya kukataa, na huko ndiko vijana wanakoumia.

Mleta mada

Ni kweli, na nitaje vile ninavyovikataa au kuvitenga. Mabati na mabomba ya asbesto siyagusi kabisa, kwa sababu yakivunjika hutoa nyuzi ndogo zinazoingia mapafuni na kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Hiyo ni kazi ya wenye mafunzo na vifaa. Jokofu au kiyoyozi nabeba kikiwa kizima, na sikati bomba lake hata nikiombwa, kwani gesi iliyomo kwenye majokofu ya zamani ni ya jamii ambayo Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ililenga kuikomesha kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Inatakiwa kuvutwa na fundi mwenye mashine. Televisheni za kioo kinene zina risasi ndani ya kioo, na taa ndefu za mirija zina zebaki, kwa hiyo hazitupwi pamoja na mengine wala hazivunjwi ili zipungue ukubwa. Betri za lithiamu za simu, baiskeli na drili huziweka kwenye ndoo ya peke yake yenye mchanga, mbali na kitu cha kuzibana, kwa sababu ikipondwa chini ya kabati inaweza kuwaka njiani wewe ukiwa unaendesha. Rangi, dawa za wadudu na mafuta machafu humwachia mteja pamoja na maelekezo ya mahali pa kuvipeleka. Orodha hii huituma kabla ya siku ya kazi, ili tusibishane mlangoni.

Saidia_Fundi

Wakuu, ninarudi na mrejesho. Nilifuata ushauri wa dada Funguo_Kumi, nikaenda tarehe 28 kwenye ofisi iliyokuwa imechukua namba yangu mwanzoni. Walikuwa na stoo ya chini ya ngazi yenye magodoro mawili, viti vya ofisi kumi na moja na makopo. Nilikodi pikapu inayorudi tupu mchana, nikaandika bei, nikapiga picha mbili. Makopo sita yalikuwa ya rangi, nikayaacha na kuwaeleza. Baada ya kumlipa dereva na dampo nimebakiwa na kiasi kidogo, chini ya nilivyotarajia, kwa sababu viti havikuingia kwa safari moja. Wameniuliza kama Alhamisi ijayo naweza kuondoa makabati kutoka ghorofa ya tatu, na lifti ni mbovu. Nitaje bei vipi?

Mleta mada

Hongera, ndugu yangu. Kwa viti, fungua miguu yenye magurudumu uipange kando. Vitaingia karibu mara mbili ya idadi ile kwa safari moja. Kuhusu Alhamisi, usitaje bei kwa simu. Nenda leo ukapime upana wa kabati na upana wa kona ya ngazi, maana kabati lililopandishwa likiwa vipande mara nyingi halishuki likiwa zima. Kama ni la kufumua, hesabu saa za kufumua, tafuta mtu wa pili na umlipe kwa siku, kisha uandike kiasi cha kila ghorofa kwenye mstari wake. Na ubebe blanketi.